Mtoto mwenye ulemavu katika shule za Marekani: njia ya kisheria kwa mzazi anayesema Kiswahili

Shule ya umma ya Marekani ikimhudumia mtoto wako mwenye ulemavu haikufanyii hisani. Inatimiza sheria iliyopitishwa mwaka 1975, ambayo tangu 1990 inaitwa IDEA na ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004. Kwa sheria hiyo, mtoto ana haki ya elimu inayomfaa, bila malipo, tangu anapotimiza miaka 3 hadi 21. Wala hali yenu ya uhamiaji haimfungii mlango wa shule: mwaka 1982, katika kesi ya Plyler na Doe, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba shule za umma haziwezi kumkataa mtoto kwa sababu hana karatasi.

Kinachowaponza wazazi wengi waliotoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania ni kumaliza mambo kwa mdomo. Unamweleza mwalimu mlangoni, anatikisa kichwa kwa upole, unarudi nyumbani ukijua kazi imeanza. Haijaanza. Siku za kisheria zinahesabiwa kutoka kwenye karatasi yenye tarehe na saini, na ndiyo maana mwongozo huu unarudi kwenye karatasi kila mara.

Kwanza, jua sheria ipi inamgusa mtoto wako

Akiwa hajafika miaka 3, haendi kwa mlango wa shule. Kila jimbo lina mpango wa huduma za mapema kwa watoto wachanga, ambao nao uko ndani ya IDEA. Mtu yeyote anaweza kumwelekeza mtoto huko, hata mama mwenyewe kwa simu. Tangu siku ya kuelekezwa, wana siku 45 za kumpima na kukaa nanyi kuandika mpango wa familia. Huduma nyingi hutolewa nyumbani. Mtoto akikaribia miaka 3, kikao cha kumhamishia shuleni kinatakiwa kifanyike angalau siku 90 kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Ukiona kimya, uliza wewe.

Kuanzia miaka 3, IDEA inamtaka mtoto awe katika moja ya makundi 13 ya ulemavu, na ulemavu huo uwe unamfanya ahitaji elimu maalumu. Makundi hayo ni pamoja na usonji, uziwi, upofu, ulemavu wa akili, ulemavu wa viungo, matatizo ya usemi, ugumu mahususi wa kujifunza, na kundi la "matatizo mengine ya afya". Hilo la mwisho wazazi wengi hawalijui, na ndani yake sheria inataja kwa jina kifafa, selimundu, kisukari, pumu na sumu ya risasi, ile ya kwenye rangi za nyumba za zamani.

Asipoingia humo, bado kuna Sehemu ya 504 ya sheria ya mwaka 1973 inayokataza kuwabagua watu wenye ulemavu. Hii ni pana zaidi: inatosha kwamba tatizo linambana kwa kiasi kikubwa katika jambo kubwa la maisha, kama kutembea, kupumua, kusoma au kumakinika. Mtoto wa selimundu anayefuata masomo vizuri lakini anahitaji chupa ya maji darasani, ruhusa ya kwenda chooni muda wowote na kazi za kufanyia nyumbani siku za maumivu, mpango wa 504 unaweza kumtosha. Shule za mkataba, zile zinazoitwa charter, ni za umma na zinafungwa na sheria hizi zote. Shule ya binafsi ni habari nyingine. Ukimhamishia huko kwa hiari yako, sehemu kubwa ya haki za IDEA unaiacha nyuma.

Hatua ya 1: Kusanya vitu vichache, lakini sahihi

Cheti au karatasi ya kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti yoyote ya hospitali (hata ya kambi ya wakimbizi), majina ya dawa, ripoti za shule kama zipo. Kama hazipo, andika mwenyewe ukurasa mmoja: mimba na uzazi vilikwendaje, alikaa lini, alitembea lini, alianza lini kusema maneno, aliugua nini. Malaria kali ya kichwani, degedege, kuanguka, kukosa chakula kwa muda mrefu, yote yaandikwe.

Halafu tazama tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikishwa 1 Januari, na wengine hata mwaka si wenyewe. Usilipuuze jambo hili. Vipimo vingi vya akili na lugha humlinganisha mtoto na wenzake wa umri uleule, kwa miaka na miezi. Mtoto wa miaka 7 aliyeandikwa ana miaka 8 na nusu ataonekana yuko nyuma kuliko alivyo. Kama tarehe si sahihi, waeleze wapimaji kwa maandishi kabla hawajaanza.

Hatua ya 2: Andika barua ya kuomba tathmini

Huhitaji fomu wala wakili, na hulazimiki kungoja daktari aseme. Mpelekee mkuu wa shule na ofisi ya elimu maalumu ya wilaya ya shule. Barua fupi kama hii inatosha:

*Mimi ni mzazi wa (jina), aliyezaliwa (tarehe), wa darasa la 2. Naomba afanyiwe tathmini kamili kwa ajili ya elimu maalumu chini ya sheria ya IDEA, na chini ya Sehemu ya 504. Ninachokiona: hata kwa Kiswahili hasemi zaidi ya maneno mawili kwa pamoja, akiitwa kutoka nyuma hageuki, alipata degedege akiwa na miaka 2. Nyumbani tunasema Kiswahili. Naomba mkalimani na karatasi kwa Kiswahili. Tafadhali nijibuni kwa maandishi.*

Tia tarehe, tia saini, piga picha kwa simu. Ukipeleka kwa mkono, omba wagonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ukituma kwa barua pepe, hiyo tayari ina tarehe. Kama Kiingereza kinakukwama, andika kwa Kiswahili. Kutafuta wa kutafsiri ni kazi yao.

Shule hujibu kwa namna tatu. Ya kwanza, inakubali na kukuletea fomu ya ridhaa. Ya pili, inakataa, na hapo inalazimika kukupa notisi ya maandishi yenye sababu za kukataa na taarifa walizotumia. Wakikataa kwa mdomo tu, waombe hiyo notisi. Mara nyingine kuiomba tu kunabadilisha jibu, maana kukataa kwa maandishi ni kazi nzito.

Jibu la tatu ndilo la hatari, kwa sababu halionekani kama kukataa: "Tusubiri kwanza ajue Kiingereza," au "Tumweke kwanza kwenye kikundi cha msaada wa kusoma wiki kadhaa." Kikundi cha msaada ni kizuri, aende. Lakini Wizara ya Elimu ya Marekani ilishayaandikia majimbo mwaka 2011 kwamba msaada wa namna hiyo hauwezi kutumiwa kuchelewesha au kunyima tathmini. Na mtoto anayejifunza Kiingereza ana haki ya huduma zote mbili kwa pamoja, za lugha na za ulemavu. Wajibu: "Nakubali kikundi, na naomba tathmini iendelee wakati huohuo." Kwa maandishi.

Hatua ya 3: Saini ridhaa, kisha hesabu siku

Sheria ya shirikisho inaipa shule siku 60 kukamilisha tathmini ya kwanza, *kuanzia siku inapopokea ridhaa yako*. Siku uliyoandika barua haihesabiwi. Baadhi ya majimbo yana kalenda yao. Texas, kwa mfano, kwa kawaida hutumia siku 45 za shule. Mwanya uko kati ya barua na fomu ya ridhaa, kwa sababu sheria ya shirikisho haikuweka idadi ya siku hapo, ingawa majimbo kadhaa yameweka. California ni siku 15 za kukuletea mpango wa tathmini. Fomu isipokuja ndani ya wiki mbili, andika tena ukitaja tarehe ya barua ya kwanza.

Kukubali apimwe si kukubali awekwe katika elimu maalumu. Hizo ni saini mbili tofauti, na wazazi wanaoogopa kusaini ya kwanza kwa hofu ya ya pili wanampotezea mtoto muda.

Hatua ya 4: Isimamie tathmini, hasa lugha

Mtoto anatakiwa apimwe katika kila eneo linalotiliwa shaka, na kipimo kimoja peke yake hakiwezi kuamua. Anatakiwa apimwe kwa lugha yake au kwa njia ya mawasiliano itakayotoa picha ya kweli, ila pale ambapo ni wazi haiwezekani. Tena sheria inakataza kumhesabu mtoto kuwa na ulemavu kama sababu kuu ni kutojua Kiingereza, au kwamba hakuwahi kufundishwa vizuri kusoma na hesabu. Aliyekaa miaka 4 kambini bila darasa la maana ana pengo la masomo, na hilo litajwe kama lilivyo.

Swali la kumsaidia mpimaji ni hili: ukimlinganisha na ndugu zake, walipokuwa na umri wake, kwa lugha ya nyumbani, yukoje? Mtoto mwenye tatizo la usemi huwa nalo katika lugha zake zote. Kama kwa Kiswahili au Kibembe anasimulia hadithi ndefu na kubishana na dada yake, lakini kwa Kiingereza yuko kimya, tatizo huenda ni Kiingereza.

Sasa mkalimani. Kiswahili ni kimoja kwenye orodha ya wakala wa ukalimani, lakini mezani si kimoja. Mama wa Uvira, mashariki mwa Kongo, akisema "munganga alimuona", anamaanisha daktari. Mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Tanzania aweza kuandika kwamba mtoto alipelekwa kwa mganga wa kienyeji, na sentensi hiyo ikabaki kwenye faili miaka. "Masomo" kwa Mkongo ni shule yenyewe. Kwa hiyo omba mapema, kwa maandishi, mkalimani wa "Kiswahili cha Kongo" kama ndicho chenu, na jambo lolote la afya liseme mara ya pili kwa maneno mengine. Kuna kundi jingine katika yale 13 linalohusu misukosuko ya hisia. Mkalimani wa haraka anaweza kukuambia "wanasema mtoto ana kichaa", ukasimama ukaondoka. Mwombe aeleze maana badala ya kutafuta neno moja. Na kaka yake wa miaka 14 asikalimani. Hilo ni jukumu la mtu aliyefunzwa, na shule ndiyo inayomlipa.

Kitu kimoja zaidi: macho. Watoto wetu wengi wamefundishwa kutomkodolea macho mtu mzima anapozungumza nao, na kutojibu mpaka waulizwe mara ya pili. Kwenye dodoso za usonji, hayo yanaweza kuhesabiwa. Waambie: "Nyumbani hiyo ni adabu, mtazame akicheza na wenzake."

Omba ripoti *kabla* ya mkutano. Una haki ya kuona kumbukumbu za mtoto kabla ya mkutano, na kwa hali yoyote ndani ya siku 45 tangu uombe. Usipokubaliana na tathmini, unaweza kudai tathmini huru ya mtaalamu wa nje kwa gharama ya wilaya. Wilaya ina mambo mawili tu ya kuchagua: ilipe, au iende yenyewe mbele ya msikilizaji wa mashauri, afisa huru anayeamua kama hakimu, kutetea tathmini yake.

Hatua ya 5: Mkutano wa IEP

Mtoto akionekana anastahili, mkutano wa kuandika mpango wake binafsi, IEP, ufanyike ndani ya siku 30. Mezani wawepo wewe, mwalimu wa darasa la kawaida (kama mtoto yuko au anaweza kuwa huko), mwalimu wa elimu maalumu, mwakilishi wa wilaya mwenye mamlaka juu ya huduma, na mtu wa kufasiri matokeo ya vipimo. Wewe ni mjumbe kamili kama wao. Unaweza kumleta shangazi, mzee wa kanisa au mtu wa shirika lililowapokea, yeyote anayemjua mtoto. Sheria inaitaka shule ifanye kila linalohitajika ili uelewe mkutano, mkalimani akiwemo. Asipokuja, usiendelee kwa heshima. Sema: "Naomba tupange siku nyingine." Saa unayoingia zamu kiwandani pia ni sababu halali ya kuomba muda mwingine, au kuhudhuria kwa simu.

Karatasi ni ndefu, mara nyingi kurasa 20 na zaidi. Zisome sehemu tatu kwa makini.

*Hali ya sasa.* Hapa ndipo nyumba hujengwa. "Anajitahidi katika kusoma" haisemi kitu. "Anasoma maneno 18 kwa dakika katika kifungu cha darasa la 1" inasema.

*Malengo ya mwaka.* Lazima yapimike. Linganisha: "Ataboresha mawasiliano," na, "Kufikia Mei, akipewa picha za kuonyesha, ataomba kitu anachokitaka kwa sentensi ya maneno 3, mara 4 kati ya 5, bila kusaidiwa." La kwanza halishindwi kamwe kwa sababu halina cha kushindwa. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F., mtoto mwenye usonji wa Colorado, Mahakama Kuu ilisema mpango lazima uwe umepangwa kumwezesha mtoto kupiga hatua zinazofaa kwa hali yake. Maendeleo ya kugusa tu hayatoshi. Kama malengo ya mwaka huu ni yaleyale ya mwaka jana, taja kesi hiyo.

*Jedwali la huduma.* Kila huduma iwe na dakika, mara ngapi, wapi, kuanzia lini hadi lini. "Tiba ya usemi, dakika 30, mara 2 kwa wiki, kikundi kisichozidi watoto 3" inaweza kudaiwa. "Kadiri itakavyohitajika" haidaiki. Basi la shule lenye msaidizi, kifaa cha kusemea, muuguzi wa kumpa dawa ya kifafa, mtaalamu wa viungo: kama mtoto anavihitaji ili anufaike na masomo, vinaandikwa humu na hulipii. Wakikuletea fomu ya kuomba idhini ya kutoza Medicaid yake (bima ya afya ya serikali), ukikataa hawawezi kukata huduma. Usaidizi wa majira ya joto nao uulizwe hapohapo, kabla Mei haijafika ukaambiwa nafasi zimejaa.

Kuhusu darasa: sheria inataka akae na watoto wasio na ulemavu kwa kiasi kinachomfaa. Wakipendekeza chumba cha peke yake kutwa nzima, waulize ni misaada gani wamejaribu katika darasa la kawaida kwanza.

Hatua ya 6: Kalamu

Uliza kila ukurasa unaosaini: hii ni saini ya kuhudhuria, au ya kukubali? Zinafanana sana. Unaweza kuchukua karatasi ukasome nyumbani. Huduma za mara ya kwanza haziwezi kuanza bila ridhaa yako ya maandishi, lakini miaka inayofuata, katika majimbo mengi, shule inaweza kubadilisha mpango kwa kukupa notisi tu, na ukinyamaza ndiyo basi. Unaweza kukubali sehemu ya huduma ukaandika pembeni ni ipi huikubali. IDEA haitamki wazi kwamba IEP nzima lazima itafsiriwe, hivyo iombe tafsiri kwa barua, ukitaja sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964.

Mpango unapitiwa angalau mara 1 kwa mwaka, tathmini mpya angalau kila miaka 3. Wewe unaweza kuomba mkutano wakati wowote.

Mkikosana

Anza na barua kwa mkurugenzi wa elimu maalumu wa wilaya. Ikishindikana kuna njia tatu. Usuluhishi ni wa hiari na haulipiwi. Malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo hayahitaji wakili; kosa liwe la ndani ya mwaka 1, na jimbo lijibu ndani ya siku 60. Hii ndiyo inayofaa zaidi pale ambapo jambo liko wazi kwenye karatasi: dakika zimeandikwa 60, amepata 20. Ya tatu ni shauri rasmi mbele ya msikilizaji, kwa kawaida ndani ya miaka 2. Hapo tafuta mtu wa kukusimamia. Shauri likiwa linaendelea, mtoto hubaki alipo na huduma alizokuwa nazo. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha mafunzo na taarifa kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinacholipiwa na serikali ya shirikisho. Waombe mkalimani tu. Kama kosa ni la ubaguzi, likiwemo la kukunyima lugha, malalamiko huenda Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, ndani ya siku 180.

Simu za "njoo umchukue"

Mtoto akiondolewa shuleni kwa utovu wa nidhamu zaidi ya siku 10 mfululizo, au kidogokidogo kwa mtindo unaojirudia, lazima wakae nanyi ndani ya siku 10 za shule kuamua kama kitendo kilitokana na ulemavu wake au na shule kutofuata IEP. Kikiwa kimetokana navyo, hurudi, isipokuwa kwa silaha, dawa za kulevya au kumjeruhi mtu vibaya, ambapo wanaweza kumweka kwingine hadi siku 45 za shule. Simu ya saa 5 asubuhi, "leo hayuko sawa, njoo umchukue", nayo ni kuondolewa, hata kama hakuna barua. Andika kila moja: tarehe, saa, nani alipiga, alisema nini.

Kijana wa miaka 16 na kuendelea

Kufikia miaka 16, na mapema zaidi katika baadhi ya majimbo, IEP iwe na mpango wa maisha baada ya shule. Akifika 18, katika majimbo mengi haki za IEP huhamia kwake, na shule inatakiwa iwaarifu mwaka mmoja kabla. Kisha kuna mtego wa cheti. Akipokea diploma ya kawaida ya sekondari, haki yake ya elimu maalumu inaisha siku hiyo, hata kama ana miaka 18 tu. Kijana aliyefika nchini na miaka 17 asijue kusoma, akasukumwa kuhitimu na wenzake, hupoteza miaka ambayo angeweza kufundishwa kazi, kupanda basi peke yake na kushika fedha. Kabla ya kofia na joho, uliza kwa maandishi ni cheti cha aina gani.

Mkihama

Familia nyingi huhama jimbo ndani ya miaka ya kwanza, kufuata kazi au ndugu. Beba IEP ya mwisho na ripoti ya tathmini mkononi. Usingoje shule ya zamani itume. Wilaya mpya inatakiwa impe huduma zinazolingana na zile za zamani tangu anapoandikishwa, mpaka itakapofanya tathmini yake, ikiona inahitajika, na kuandika mpango mpya. Mkabidhi karani siku ileile ya kuandikisha, naye akugongee mhuri kwenye nakala yako.